Sote Tulirekebisha Kimya Kimya

Chomboni, tarehe 3 Machi

Mdogo wangu Bonge,

Kabla hujasoma zaidi, nenda kanisalimie Mama. Nenda kwanza, barua haikimbii. Umerudi? Haya, na wifi naye umwambie ile suruali aliyonishonea imenipatia sifa chombo kizima, kila mtu anataka yenye mifuko kama ile. Mwambie ajiandae kushona, ila malipo asiyategemee, hawa ni wanafunzi wenzangu na wote tumefulia.

Mimi ni mzima. Nimekauka kwa jua na chumvi lakini nakula vizuri. Kama nilivyokwambia, simu zetu zimefungiwa kwa nahodha mpaka safari iishe, na hatuna mashine yoyote ya kutuambia tulipo. Chombo ni cha matanga na masomo ni ya kizamani. Unajua ulikoanzia, unajua umeelekea wapi kwa dira, unajua mwendo wako na muda uliosafiri. Unapiga hesabu, unachora mstari kwenye ramani, mwisho wa mstari unaweka nukta, unasema tupo hapa. Nahodha anatukumbusha kila siku kwamba ile nukta ni mahali ambapo tungekuwa kama hatujakosea kitu. Mwanzoni nilidhani anatutania.

Zamu yetu ina watu wawili. Mimi napiga hesabu, mwenzangu anashika usukani. Tunamwita Redio kwa sababu hasemi. Asubuhi akisema "habari" tunajua ameamka na furaha sana.

Sasa niambie habari za Mama na presha yake. Nilipokuwepo kidonge chake cha asubuhi kilikuwa kazi yangu, sasa kimebaki kwenu. Kukiwa na jambo zito kweli, pigeni ofisi ya chuo, watamfikia nahodha. Jambo dogo niandikieni tu.

Dada yako

*

Nyumbani, tarehe 24 Machi

Shikamoo dada,

Barua imefika na nimenawa mikono kabla ya kuifungua, kwa hiyo usianze. Sisi wote tu wazima. Kazini wameleta tanuri jipya, linaivisha upande mmoja kuliko mwingine, na bosi anasema tatizo ni sisi waokaji. Nageuza trei mpaka mabega yanauma. Wifi yako ana kazi nyingi mno, nguo za watu zimejaa mpaka kwenye viti, juzi nimekula chakula nimesimama ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mama yuko sawa, anakusalimu sana. Ana kizunguzungu kidogo akisimama ghafla, lakini kwa umri wake ni kawaida. Suala la dawa ondoa wasiwasi. Nimelishika mimi mwenyewe, nampa kabla sijaenda kazini, sijaruka hata siku moja. Wifi yako sikutaka kumbebesha. Unajua mambo ya mkwe yalivyo, ukimuuliza mtu "umempa mama dawa?" anaweza kusikia "humtunzi mama yangu." Na sisi tulikwishagombana vya kutosha mwaka jana. Kwa hiyo nafanya kimya kimya, mambo yanakwenda.

Mama yuko sawa, nasisitiza. Msalimie Redio, mwambie anyamaze kidogo, anapiga kelele.

Mdogo wako

*

Chomboni, tarehe 17 Aprili

Bonge,

Marahaba. Nafurahi kusikia habari za tanuri, ila nakujua tangu unatambaa. Ukiandika "Mama yuko sawa" mara mbili kwenye barua moja, basi hayuko sawa. Kizunguzungu cha namna gani? Ameanguka? Nataka jibu na sitaki utani.

Huku tumetia nanga kwa siku chache kununua maji na mboga. Upepo ulikuwa unatupiga ubavu wa kulia safari nzima. Sasa sikiliza kitu kinachoninyima raha. Chombo cha matanga ukikielekeza mbele, upepo wa ubavuni unakisukuma pembeni polepole, na wewe uliye juu yake huoni. Dira inasema unakwenda sawa, kumbe unateleza kushoto. Kwa hiyo ni lazima nikadirie kinateleza kiasi gani, halafu nimpe Redio namba ya dira iliyoko kulia kidogo ya njia yetu, ili tukiteleza turudi palepale. Nimejitahidi sana kwenye hilo. Nahodha ameniambia safari ndefu inayofuata ramani yote ni yangu. Nimefurahi na naogopa.

Tukishaondoka hapa, barua zako zitanikuta bandari ya mwisho wa safari hiyo, anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Niambie ukweli kuhusu Mama. Kama ni kurudi, nitarudi.

Dada yako

*

Nyumbani, tarehe 10 Mei

Shikamoo dada. Sisi tupo, wifi yako anakusalimu.

Kaa chini kwanza, tafadhali.

Mama ameanguka. Mara ya kwanza ilikuwa jikoni, akavunja sahani, akatwambia ameteleza, na mimi nilikuandikia vile nilivyokuandikia kwa sababu alinikataza. Mara ya pili alianguka bafuni. Wifi yako alivunja komeo kwa bega. Tulimkuta amelala chini, mdomo unatoka damu, jino moja la mbele limeondoka, na mikono ya baridi. Nilidhani amekufa. Dada, mimi nilipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Hospitali wamempima wakasema moyo unapiga polepole kupita kiasi. Daktari akauliza anatumia dawa gani. Nikamjibu kifua mbele: kile kidonge chake cha presha, kimoja kila asubuhi, nampa kwa mkono wangu. Wifi yako alikuwa amesimama mlangoni, akainamisha kichwa akaangalia viatu vyake. Nikajua ni machozi. Daktari akasema kama dawa inatumika ipasavyo, basi tatizo ni moyo wenyewe. Wanataka kumpasua, wamwekee kifaa cha kuusukuma. Siku waliyotupa ni tarehe 25 Juni.

Nilimuuliza daktari kama ataamka baada ya hapo. Akasema Mama amedhoofika, hawezi kuniahidi. Asipofanyiwa pia hawezi kuniahidi.

Ofisi ya chuo sikupiga. Mama ameniapisha mbele ya wifi yako nisikukatishe masomo, na unavyomjua akishasema kitu. Lakini karatasi ya kukubali inatakiwa kusainiwa na mimi, na mkono haufiki. Wewe ndiye mkubwa. Nisaini au nisisaini? Nitasubiri neno lako mpaka dakika ya mwisho.

Mdogo wako

*

Kijiji cha pwani, tarehe 29 Mei

Mdogo wangu,

Msalimie Mama, msalimie wifi. Usiogope mwandiko huu, mkono wangu umefungwa bandeji lakini ni mchubuko tu. Barua zako kama zipo zinanisubiri bandari ambayo hatukufika. Tupo sehemu ndogo yenye gati moja na duka moja, tulivutwa na mashua ya wavuvi, na chombo chetu hakina usukani tena.

Tumegonga mwamba. Ramani ilikuwa mkononi mwangu.

Kulipokucha nilikuwa nimeweka nukta yangu mahali penye maji ya kina kirefu, na miamba iko mbali sana kulia kwetu. Niliamini ile nukta kabisa. Nilikuwa nakunywa chai. Nikasikia sauti ambayo haipaswi kusikika katikati ya bahari, sauti ya mawimbi yanavunjika juu ya kitu. Niliinua kichwa nikaona povu jeupe mbele yetu. Niliangalia ramani, nikaangalia povu, nikaangalia ramani tena, na Mungu anisamehe, kwa muda kidogo niliamini ramani. Ndipo chombo kikanguruma chini ya miguu yetu na kila kitu kikaruka. Kijana wa zamu nyingine amevunjika mguu. Hakuna aliyekufa, lakini mpaka sasa nikifumba macho nalisikia lile jiwe.

Tulipofika huku nahodha alitukusanya dukani, tukakaa juu ya makreti, akafungua ramani. Akapitia hesabu zangu mstari kwa mstari. Hakuona kosa. Mwendo sawa, muda sawa, kuteleza nimekadiria vizuri kabisa. Akasema, "Hesabu ni nzuri. Basi mbona tulikuwa kule?"

Halafu Redio akasema, na hii ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa: "Mimi nilikuwa naona tunateleza. Sikujua kama dada ameshahesabu. Nikawa napeleka kulia kidogo, kila zamu, bila kusema. Sikutaka aone namkosoa."

Bonge, fikiria. Namba ya dira niliyompa ilikuwa tayari imeelekea kulia ili kufidia kuteleza. Naye akawa anaongeza kulia tena kufidia kuteleza kulekule. Mimi nilikuwa sahihi, na yeye alikuwa sahihi. Kila mmoja alimfunika mwenzake kwa nia njema, na tukajumlisha wema wetu mpaka tukafika juu ya mwamba. Kwa siku zote zile tumekaa pamoja, tunakula sahani moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake swali moja jepesi: hivi na wewe unarekebisha?

Nitaandika tena nikitulia. Sijui kama watanirudishia ramani. Mkumbatie Mama.

Dada yako

*

Nyumbani, tarehe 19 Juni

Dada, shikamoo. Salamu za nyumbani nitazitoa mwishoni, leo siwezi kuanza nazo.

Barua yako ya kugonga mwamba imefika jana. Nilikuwa nimerudi kutoka kazini mchana, Mama amelala chumbani, wifi yako yuko kwenye cherehani dirishani. Niliona mwandiko wako nikakaa sakafuni palepale mlangoni. Nilikuwa nasubiri neno lako kuhusu karatasi ya hospitali. Nikaisoma kwa sauti ili wote tusikie umeamua nini. Kila ukurasa nasubiri jina la Mama, naletewa upepo na usukani. Nilipomaliza nilipandwa na hasira, nisamehe, niliitupa.

Nikasema, "Yaani mama yake anakwenda kupasuliwa moyo, yeye ananihadithia kulia na kushoto!"

"Hajapata barua yetu," wifi yako akasema. "Amesema mwenyewe." Cherehani ikawa imenyamaza. Kisha akasema, "Soma tena pale."

"Pale wapi?"

"Pale Redio anapoongea."

Nikaiokota, nikasoma. Alikuwa ameshika gauni la mteja kwa mikono miwili, hatikisiki.

"Hivi," akaniuliza, "dawa ya Mama, wewe unampa kweli?"

"Swali gani hilo? Kila siku, kabla sijatoka."

"Usinifiche. Sitakucheka."

"Nikufiche nini, wewe mwanamke? Nampa mwenyewe kwa mkono wangu!"

Dada, sijawahi kumwona mtu akibadilika sura vile. Alivuta droo ya cherehani, ile ya chaki na vifungo, akatoa pakiti. Ileile, jina lilelile, imebaki nusu. Alikuwa anainunua duka la dawa kwa pesa ya kushona.

"Unasahau funguo mlangoni," akasema. "Unasahau mkate kwenye tanuri, na wewe ni mwokaji. Nikajua hii nayo utasahau. Nikasema nisikuaibishe, ni mama yako. Ukishaondoka nampa mimi, na chai."

Mimi nikapanda kwenye kiti, nikashusha kutoka juu ya kabati kopo la biskuti ninamoweka pakiti yangu ili watoto wa majirani wasiifikie. Tukaziweka pakiti mbili juu ya gauni la mteja.

Nikamuuliza, "Na siku ile kwa daktari, niliposema nampa mimi?"

"Nilidhani unaona aibu kusema ukweli mbele ya watu. Nikaangalia chini nisikuumbue."

Nilikuwa nimevaa aproni ya kazini, na ndivyo nilivyokwenda hospitali, unga mpaka kwenye nyusi, wifi yako amevaa ndala mguu mmoja na kiatu mguu mwingine. Tulimweka Mama katikati kwenye teksi. Daktari aliziangalia zile pakiti akavua miwani. Akatuuliza tangu lini. Tukamwambia tangu dada aondoke. Akasema dawa hii kazi yake mojawapo ni kuupunguza moyo mwendo, na sisi tulikuwa tunaupunguza mara mbili kila siku. Akasema polepole, bila kutufokea, na ningependa angefoka. Amemlaza wodini wamwangalie. Kupasuliwa kumesimamishwa.

Wiki moja zaidi na ningesaini. Nilishaamua kusaini. Wangemfungua kifua Mama kwa sababu mimi na mke wangu tunaheshimiana kupita kiasi.

Wote tunakusalimu. Pole na mwamba.

Mdogo wako

*

Bandarini, tarehe 11 Julai

Bonge,

Chombo kimewekewa usukani mpya, nimefika ile bandari leo na nimepewa barua zako mbili kwa pamoja. Nikafungua ya Mei kwanza. Ungeniona. Nilisoma tarehe 25 Juni nikaangalia kalenda ya ofisini ukutani, ni Julai, na ile barua nyingine iko mkononi haijafunguliwa. Sikuweza kuifungua. Karani wa pale, mama wa watu hata hanijui, ndiye aliyeichana akanisomea mstari wa kwanza, akaona uso wangu akaendelea mpaka mwisho. Alipofika kwenye droo ya cherehani naye akashika mdomo.

Nahodha ameongea na ofisi ya chuo, nao wamepiga kwenu. Wamenithibitishia Mama amerudi nyumbani na anatembea. Nimelia mpaka nimechoka. Mwambie wifi simlaumu, na wewe sikulaumu, na msilaumiane. Redio ameniuliza kuna nini, nikamweleza, akaenda kukaa peke yake mbele ya chombo mpaka jioni.

Ramani wamenirudishia. Tumepewa sheria mpya, kila zamu tunaambiana kwa sauti tumerekebisha nini. Tunaonekana wajinga na hatujali.

Lakini kuna kitu kimoja kinanikera na hamkukiandika. Mama amefundisha darasa la kwanza kuhesabu mpaka akastaafu. Akili yake haijaguswa. Anajua chenji ya sokoni kuliko muuzaji. Mtu huyo amemeza kidonge chako, kisha akameza cha wifi, kila siku, na hakuona kwamba ni viwili? Muulize. Muulize vizuri, wifi akiwepo.

Dada yako

*

Nyumbani, tarehe 2 Agosti

Shikamoo dada,

Wote ni wazima na safari hii ni kweli. Mama amenenepa kidogo, anapanda ngazi za nyuma mwenyewe, na amekataa kuwekewa jino la bandia kwa sababu anasema hana tena wa kumringia. Tanuri wamelibadilisha.

Nimemuuliza. Nilichelewa kukujibu kwa sababu niliogopa kuuliza.

Alikuwa anamchambulia wifi yako vifungo, anaviweka kwa ukubwa wake. Nikamwambia, "Mama, ulijua kwamba vilikuwa viwili?"

Hakuinua kichwa. "Kwani mimi mtoto?"

Wifi yako aliacha kushona.

"Siku ya kwanza nilidhani daktari ameongeza," Mama akasema. "Baadaye nikaelewa kwamba hamjaambiana."

"Ukaendelea kumeza!"

"Sasa ningefanyaje? Wewe unakuja na glasi yako ya maji, umefurahi kwamba humsahau mama yako. Ukitoka anakuja mwenzio na chai, naye amefurahi. Ningemkatalia nani? Nikikataa chake ataona namwona hafai kunihudumia. Nikimwambia umeshanipa wewe, ataona unamfanyia siri. Mwaka jana mligombana kwa ajili ya chumba changu mpaka akarudi kwao mwezi mzima."

"Na ulipoanguka, Mama? Hukujua ni dawa?"

Akasema, "Bafuni nilijua."

Wifi yako alitoa sauti, sijui niiite sauti gani. Mimi nikamuuliza Mama kwa nini, kwa jina la Mungu, hakufungua mdomo hata hapo, hata daktari alipotaja kisu. Akaweka kifungo chini akaniangalia, na alikuwa ananishangaa mimi.

"Tangu dada yako aondoke," akasema, "hamjagombana humu ndani hata mara moja."

Mdogo wako